Breki za Kuteremkia Subukia

Breki yangu ya mbele ilikufa nikiwa nimebakisha kona mbili nifike kwenye lami. Ilikuwa Jumamosi, kama saa tatu asubuhi, nikitoka Menengai. Nilivuta leva ikaja yote, ikagusa usukani, laini kama ndizi iliyoiva ikapitiliza. Nikavuta tena. Wapi! Ya nyuma ilikuwepo, lakini kwenye mteremko wa kokoto ukivuta ya nyuma peke yake gurudumu linajifunga, linaburuta, na baiskeli inaendelea na safari yake kana kwamba haijakusikia.

Mbele yangu kulikuwa na punda wawili wa maji, wamebeba mitungi, na kijana wa miaka kumi hivi akiwafuata na fimbo. Kushoto, mtaro. Kulia, ua wa kayaba. Kama umelelewa huku kwetu unaijua kayaba na miba yake, mirefu kama sindano za kushonea magunia. Niliingia humo kichwa, bega na baiskeli.

Mwenye boma alitoka, shosho mmoja amejifunga leso kiunoni, akanitazama nikining'inia pale.

"Pole, kairitu. Kwani baiskeli yako haina breki?"

"Iko nazo, shosho. Tena za haidroliki."

Hakucheka. Alirudi ndani akaleta pini na maji ya chumvi kwa bakuli, na kwa karibu nusu saa akanitoa miba mkononi huku akinieleza habari za kuku wake wanaotaga kwa jirani.

Kuna jambo sikumwambia. Miezi minne kabla ya ua ule, nililipwa kuandika jibu la swali hili hili. Mimi huishi kwa kuandika. Nilitoka chuo mwaka wa tatu, na tangu hapo naandikia yeyote anayelipa kwa hesabu ya maneno. Mteja fulani wa ng'ambo alitaka maneno 1,500: mtu anunue breki gani za diski kwa baiskeli ya milimani, za haidroliki au za kebo? Nilisoma kurasa za watu, nikatazama sijui video ngapi za wazungu walio na gereji safi kuliko jiko langu, nikaandika kwa ujasiri wote kwamba mshindi ni haidroliki, na kebo ni ya mtu ambaye hajajipanga. Mteja alifurahi. Akatuma pesa, nikalipa nyumba. Nakaa bedsita Free Area, na kodi haijui tofauti ya makala nzuri na mbaya.

Na sikudanganya. Haidroliki ni kitu kizuri. Ukifinya leva unasukuma mafuta ndani ya paipu nyembamba. Mafuta hata uyabane vipi hayapungui, kwa hiyo nguvu ya kidole chako inafika yote kule chini, inasukuma pistoni kila upande wa diski, na pedi zinauma. Kidole kimoja kinatosha. Pedi zikizidi kwisha, pistoni zinasogea zenyewe kujaza nafasi, hata hujui kuna kitu kimeisha.

Ya kebo ni uzi wa chuma ndani ya ala. Unavuta, uzi unavuta mkono mdogo kwenye kalipa, na kwa nyingi ya zile za bei yetu ni pedi moja tu inayosogea. Hiyo moja inaisukuma diski, inaipinda kidogo hadi iguse pedi ya upande wa pili, iliyokaa tu ikingoja. Nguvu nyingine inapotelea njiani. Vumbi likiingia kwenye ala, kuvuta kunakuwa kazi ya mkono mzima. Na vumbi tunalo. Wanasema hata jina la Nakuru limetoka kwa neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi.

Kitu ambacho sikuandika, kwa sababu hakuna video iliyokitaja, ni kwamba yule mtu wa video ana duka la baiskeli dakika kumi kutoka kwake.

Baiskeli yangu ni ya mtumba, imetoka Ulaya na breki zake za Shimano zilizotumika. Januari leva ilianza kuwa kama sponji. Hewa ilikuwa imeingia, na sasa naijua sababu. Kila nikipata pancha, fundi anageuza baiskeli miguu juu, inasimama kwa kiti na usukani. Ndivyo baiskeli zimerekebishwa huku tangu enzi za babu. Mafuta yakiwa yamepungua, hewa iliyokaa juu kwenye kile kitangi kidogo cha leva inapata njia ya kuingia kwenye paipu. Siku nyingine gurudumu likiwa limetolewa, mtoto wa fundi alicheza na leva, finya, finya, pistoni zikakutana katikati, ikabidi zitenganishwe kwa bisibisi. Mtoto hakuwa na makosa. Kwa baiskeli zingine zote za pale kibandani, leva ni kitu cha kuchezea tu.

Nikampelekea fundi wa pikipiki, kijana mwenye mkono mwepesi. Akaniambia breki ni breki. Akaenda duka la spea za magari, akarudi na chupa ya DOT 4, akajaza, akatoa hewa, akanitoza mia mbili hamsini. Leva ikawa ngumu kama jiwe. Nilimshukuru, nikamwongezea hamsini ya soda.

Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. DOT ni kitu kingine kabisa, na mipira ya ndani iliyoundwa kwa mafuta ya madini ikikutana nayo huvimba na kuharibika. Haiharibiki siku hiyo hiyo, na hapo ndipo unapotegwa. Wiki ya kwanza breki ni tamu, ya pili ni tamu, ya tatu leva inachelewa kurudi na wewe unasema ni baridi ya asubuhi. Halafu unakutana na punda.

Kijana simlaumu sana, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nimeyaandika hayo. Ilikuwa aya ya sita ya makala yangu, kwa Kiingereza kilichonyooka: usichanganye mafuta, soma kifuniko cha leva. Nilisimama pale nikimtazama akimimina, na aya ya sita haikunijia kichwani hata kidogo. Nilikuwa nafikiria mia mbili hamsini, vile ni bei nzuri.

Sasa nilihitaji breki, na nilizihitaji kabla ya Pasaka, kwa sababu nilikuwa nimejiambia Pasaka nitaenda nyumbani.

Nyumbani ni Subukia. Kutoka Nakuru unapanda hadi Bahati, unapita msituni, halafu barabara inajitupa chini kwa kona baada ya kona hadi bondeni. Kwa matatu ni safari fupi. Kwa mwaka mmoja na miezi mitano sikuwa nimeifunga. Kwa simu nilikuwa nasema masomo yanaendelea, Baba. Naye anasema, "Sawa, mama." Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Hakuna siku aliyouliza naenda mwaka gani, na hilo lilinisumbua kuliko angeuliza.

Niliamua kwenda kwa baiskeli kwa sababu najijua. Kwa matatu ningeshuka stendi, ningekunywa chai, ningepanda ile inayorudi. Lakini ukishateremka ule mlima kwa baiskeli, kuupanda tena ni kazi ya nusu siku. Huwezi kufika langoni ukabadilisha nia.

Baba anajua breki. Aliendesha boda ya baiskeli hapa mjini kuanzia mwaka niliozaliwa, 1998. Ilikuwa Black Mamba, zaidi ya kilo 20 kabla abiria hajapanda. Breki zake hazikuwa na kebo wala mafuta. Zilikuwa vyuma tupu, vijiti vilivyounganishwa kutoka usukani hadi kwenye rimu, vinavuta mpira juu uibane. Mvua ikinyesha zilikuwa mapambo. Ndiyo maana alikuwa na breki ya tatu, akala yake ya kulia. Madigadi ya mbele aliitoa makusudi, na mambo yakiharibika alikuwa anatoa mguu kwenye pedali, anakanyaga tairi. Tairi la gari juu ya tairi la baiskeli. Kila miezi michache ananunua akala mpya, mguu mmoja umeisha na mwingine bado ni mzima. Mama alikuwa anamwambia atafute mtu wa mguu mmoja wagawane bei.

Pikipiki zilipopunguziwa ushuru, mwaka 2008 hivi, nduthi zikajaa mjini na abiria wake wakaisha. Akarudi Subukia kulima mahindi na nyanya. Black Mamba iliuzwa nikiwa darasa la nne. Ndama aliuzwa nilipoingia chuo. Unaelewa kwa nini sikuwa na haraka ya kufika langoni.

Nilikuwa na elfu tisa na mia nne. Breki mpya za haidroliki, seti ya mbele na nyuma, nilipata mtu Nairobi wa kunitumia kwa matatu kwa elfu nane na mia tano. Hapo bado hujanunua mafuta yake na vifaa vya kutolea hewa, na hujamtafuta mtu anayejua kuvitumia. Kalipa mbili za kebo, za mtumba, zilikuwa elfu mbili na mia tano. Leva za kuziendesha, mia sita. Kebo na ala zake, mia nne. Diski zangu za zamani zingebaki.

Kwa karatasi ni hesabu ya mtoto. Lakini nilikaa nayo siku tano, kwa sababu nilikuwa nimeonja haidroliki. Ukizoea kidole kimoja, kurudi kwa vidole vitatu unahisi umeshushwa cheo. Na kulikuwa na majivuno pia, niyaseme tu. Sisi tunaopanda Menengai wikendi tunaangaliana breki kama vile watu wa matatu wanavyoangaliana rimu.

Nilienda kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha baiskeli upande wetu. Si mtu wa maneno mengi. Alikuwa ananyoosha gurudumu, anakaza spoki moja, analizungusha, anakaza nyingine.

"Mzee, wewe ungeweka gani?"

"Unaenda nayo wapi?"

"Subukia."

"Kebo ikikatika Subukia, utapata ingine?"

"Nitapata. Hata hadwea inayouza misumari huwa nazo."

"Na paipu ya mafuta ikikatika?"

Nikanyamaza.

"Haya." Akazungusha gurudumu. "Lakini usiende ukisema mimi nimekuambia ya mafuta ni mbaya. Ya mafuta ni nzuri kushinda hii. Hii itakuchosha mkono, na itataka uiangalie kila wiki kama mgonjwa. Ukiweza, mbele weka ya mafuta, nyuma weka ya kebo. Moja ikikataa, ingine haina habari."

Hilo lilikuwa wazo zuri na bado naliona zuri. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, kwa sababu ukifunga, uzito wako wote unaegemea mbele. Kama una pesa, msikize mzee. Mimi nilipiga hesabu, seti nusu na vifaa vyake, nikaona vile vifaa vya kutolea hewa haviuzwi nusu. Na kusema ukweli, niliogopa. Mkono wangu haukutaka tena kutegemea kitu nisichokiona. Kebo huanza kukatika uzi mmoja mmoja, inakudunga kidole wiki nzima kabla haijakuacha.

Nikachukua za kebo, mbele na nyuma. Mzee alinifundisha kuzipanga mwenyewe, na akakataa kunifanyia. Ile pedi isiyosogea unaisogeza kwa ufunguo wa alen hadi ipate nafasi ya unene wa karatasi kati yake na diski. Halafu unakaza kebo, halafu unazungusha gurudumu unasikiliza. Ikisema "shii" mahali pamoja, diski imepinda. Ikisema "shii" muda wote, umebana. Ilinichukua mchana mzima. Sasa nafanya kwa dakika nane.

Nilitoka Jumamosi kabla ya Pasaka, alfajiri. Kupanda Bahati sina la kusema, ni kupanda tu. Nilikunywa chai ya mia kwa chupa nikiwa nimeketi kwenye ukingo wa mtaro, nikavaa jaketi, nikaanza kushuka.

Mtu yeyote wa Nakuru ana mteremko mmoja kichwani, nao ni Salgaa. Tumekua tukisikia habari zake: malori yanayotoka Mau Summit, dereva anaachilia gia ili asichome dizeli, injini haimshiki tena, mzigo wote unaangukia breki, zinapata moto, zinakataa. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori ziligongana pale Migaa, karibu na Salgaa, wakafa watu 36. Nilikuwa nyumbani siku hiyo. Baba alizima redio, akasema tu, "Breki si ya kukalia." Yeye huwa anasema hivyo kuhusu Black Mamba pia. Finya, achia. Finya, achia. Baiskeli haina injini ya kukusaidia, kwa hiyo ukishikilia breki tangu juu hadi chini, joto halipati nafasi ya kutoka.

Kwa hiyo nilifinya, nikaachia. Kabla ya kona nafinya kwa nguvu, ndani ya kona naachia. Vidole viwili, baadaye vitatu. Lori moja lilinipita likipumua breki zake, pshh, pshh, na upepo wake ukanisukuma hadi kwenye changarawe. Katikati ya mlima nikaanza kusikia harufu, kama pasi iliyosahaulika juu ya nguo. Leva ya mbele ilikuwa imesogea karibu na usukani. Si sana, lakini mwili wangu uliikumbuka kayaba kabla akili haijafika, nikasimama pembeni miguu ikitetemeka.

Nikatema mate kwenye diski. Tsss.

Nikangoja ipoe. Chini yangu bonde lote lilikuwa linaonekana, mashamba yamepangwa kama viraka, na nilijua paa letu liko wapi hata kama huwezi kuliona kutoka pale. Pedi zilikuwa zimeisha kidogo, basi. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote ya leva. Nilizungusha kile kikazio cha kebo pale kwenye leva mara mbili, nikatoa ufunguo wa alen, nikasogeza ile pedi ya upande wa pili, nikazungusha gurudumu, nikasikiliza. Leva ikarudi mahali pake. Dakika tano, na sikumpigia mtu simu. Ningekuwa na haidroliki nzima, nzuri, iliyojazwa mafuta yake, nisingesimama hata kidogo. Ningekuwa nimefika na vidole vyangu kumi. Hilo lazima niliseme, kwa sababu nilipofika chini vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi, na hadi leo nikiandika muda mrefu huwa vinanikumbusha.

Baba alikuwa karibu na lango, anafunga nyanya kwenye vijiti. Alinisikia kabla hajaniona. Ile ya nyuma ilikuwa inalia.

"Umekuja, mama."

"Nimekuja, Baba."

Alinipa mkono na wangu haukufunga. Akautazama, akatazama baiskeli.

"Umeshuka mlima na hiyo?"

"Ndiyo."

Akaiinua mbele kwa mkono mmoja, akazungusha gurudumu, akafinya leva. Likasimama. Akafinya tena polepole, akiangalia ile pedi ikiisukuma diski. Nilimwona anaelewa. Haikumchukua hata dakika, mtu ambaye hajawahi kushika breki ya diski.

"Hii ni kebo."

"Ni kebo."

"Nilidhani siku hizi ni za mafuta."

"Zilikuwa za mafuta. Ziliniangusha." Halafu nikaona nisipolisema wakati huo, akiwa ameshika leva na haniangalii usoni, sitalisema. "Baba, niliacha chuo."

Akaiteremsha mbele taratibu. Akaenda nyuma, akafinya ya nyuma.

"Lini?"

"Mwaka juzi. Oktoba."

"Ilikuwa pesa?"

"Ilianza na pesa."

Alifinya tena, akaachia, akafinya. Ya nyuma ilikuwa inaenda mbali kabla ya kushika, nilikuwa nimeitumia vibaya kwenye zile kona za mwisho.

"Hii imelegea," akasema. "Koleo iko jikoni, pale dirishani. Niletee."